Kama jua ni dogo, binadamu ana thamani gani?

KUNA mkanda mfupi wa video unaozunguka kwenye simu za watu, na pengine nawe msomaji umekwishatumiwa. Inaanza dunia yetu, imejaa kioo chote. Inasogezwa pembeni, linaingia jua, na dunia inageuka punje. Kisha jua nalo linasukumwa, inakuja nyota kubwa kuliko jua, halafu nyingine kubwa kuliko hiyo, na nyingine tena, mpaka jua lenyewe halionekani. Mwisho yanatokea maandishi yanayomuuliza mtazamaji yeye ni nani hata ajivune.

Barazani kwetu Magomeni tuliutazama watu sita. Mzee mmoja akatoa takbira, na kweli macho yalimlenga machozi. Kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo, akasema neno lililotunyamazisha wote. "Mzee wangu, kama ulimwengu wenyewe ndio huu, hivi kweli aliyeumba yote haya atashughulika na mimi kwa kuwa nimelala Alfajiri ikanipita?" Akaambiwa astaghfiru. Akastaghfiru, maana ni kijana mwenye adabu, lakini hakujibiwa.

Mimi naona swali lake linastahili jibu, na tena naona kwamba mzee na kijana, pamoja na kutofautiana kwao, walikuwa wameshika rula ileile. Mzee aliona ukubwa akasema Mungu ni mkubwa. Kijana aliona ukubwa uleule akasema basi mimi si kitu. Wote wawili wamekubali kwamba kitu kikiwa kikubwa kina thamani zaidi na kikiwa kidogo hakina. Hapo ndipo penye tatizo.

Kwanza tuzipe hesabu haki yake, kwa sababu si uzushi. Jua lina upana wa kilomita milioni 1.39 hivi. Ukizipanga dunia 109 kama shanga ndipo utafikia upana huo, na ukitaka kulijaza tumbo lake utahitaji dunia kama milioni 1.3. Tuchukue dunia iwe punje ya choroko. Jua litakuwa mpira wenye upana wa sinia la pilau, nalo litakuwa mbali na choroko yako mita 50 na ushei. Kwa kipimo hicho hicho, Betelgeuse, ile nyota nyekundu ambayo jina lake la Kizungu limetokana na Kiarabu, mkono wa Jauzaa, itakuwa na upana wa zaidi ya viwanja vitatu vya mpira vilivyopangwa kwa urefu. Wanaopima wanatofautiana, wengine wanasema ni mara 600 ya upana wa jua, wengine wanaikaribia 1,000. Mimi nimechukua 700. Ingewekwa mahali pa jua, dunia yetu ingekuwa ndani ya tumbo lake, na Zuhura na Mirihi pia.

Huko si kukisia kwa watu wa sinema. Upana wa Betelgeuse ulipimwa mwaka 1920 na Albert Michelson na Francis Pease kwenye kilima cha Mount Wilson, California, nayo ilikuwa nyota ya kwanza, ukiacha jua letu, kupimwa upana wake moja kwa moja. Tangu hapo zimepatikana zinazoizidi. UY Scuti, ambayo video nyingi humalizia nayo, ilikadiriwa kuwa na upana wa mara 1,700 ya jua. Lakini nyota za aina hiyo hazina ganda kama chungwa. Pembezoni mwake ni mvuke unaofifia polepole, kwa hiyo jibu la upana wake linategemea umeamua kwamba nyota inaishia wapi.

Sasa yapo mambo ambayo mkanda ule hausemi, na ndiyo yanayonivutia zaidi.

La kwanza ni kwamba unampa mtu picha kuwa jua ni nyota duni, moja katika kundi la vibeti. Si kweli. Katika kila nyota kumi, takriban tisa ni ndogo kuliko jua letu. Robo tatu hivi ya nyota zote ni zile nyekundu ndogo zenye mwanga hafifu, na kwa jicho tupu huwezi kuona hata moja. Nyota iliyo jirani yetu kuliko zote, Proxima Centauri, ni ya kabila hilo. Upana wake ni kama sehemu moja ya saba ya upana wa jua. Kwa kipimo cha choroko ingekuwa kitu cha kushika kiganjani, mbali kuliko kutoka hapa Dar es Salaam hadi New York, wakati kwa kipimo halisi mwanga wake hutumia miaka minne na ushei kutufikia. Iko hapo jirani, na hakuna aliyejua kuwa ipo mpaka mwaka 1915.

Nyota tunazoziona usiku, zile zilizowaongoza manahodha wa majahazi na kuwapa wakulima majira ya kupanda, karibu zote ni kubwa au zina mwanga mkali kuliko jua. Zinaonekana kwa sababu ni majitu. Mtu akihesabu nyota kwa macho yake anahesabu matajiri wa mji akidhani amehesabu mji mzima. Hili wahariri wa magazeti wanalijua vizuri, maana na sisi kurasa zetu tunazijaza kwa namna hiyo hiyo.

La pili ni kwamba mkanda unaonyesha upana tu. Hauonyeshi uzito wala umri. Betelgeuse inayotuogofya ina uzito usiozidi mara 20 au hivi ya jua, lakini umetawanywa katika tumbo linaloweza kumeza majua mamilioni kwa mamilioni. Ukichukua wastani, kilichomo ndani yake ni chepesi mara maelfu kuliko hewa unayovuta sasa hivi unaposoma gazeti hili. Na haitadumu. Nyota kubwa huchoma mafuta yake kwa pupa. Betelgeuse ina umri wa miaka milioni kumi hivi na tayari imezeeka, wakati jua lina miaka bilioni 4.6 na liko katikati ya maisha yake. Zile nyekundu ndogo zisizoonekana zitaendelea kuwaka kwa matrilioni ya miaka. Hakuna hata moja ya aina hiyo iliyokwisha kufa kwa uzee, kwa sababu ulimwengu wenyewe, wenye miaka kama bilioni 13.8, bado haujafika umri huo.

Kisha iko habari ya Shi'ra, ambayo Wazungu wanaiita Sirius. Hii ndiyo nyota inayong'aa kuliko zote usiku. Msomaji wa Qur'ani anaijua, imetajwa kwa jina katika Surat An-Najm, ambapo tunaambiwa kwamba Mwenyezi Mungu (S.W.) ndiye Mola wake. Wafasiri wanaeleza sababu: walikuwepo Waarabu, na kabila la Khuzaa linatajwa, waliokuwa wakiiabudu. Shi'ra ina upana wa mara 1.7 ya jua, uzito wa mara mbili, na inatoa mwanga mara 25. Mwaka 1844 Mjerumani Bessel aligundua kuwa nyota hii inayumba katika mwendo wake, kama mtu anayevutwa mkono na mwenzake asiyeonekana. Mwaka 1862, Mmarekani Alvan Graham Clark akamwona huyo mwenzake kwa darubini. Ni nyota yenye ukubwa wa dunia tu, ile choroko yetu, lakini uzito wake unakaribia kuwa sawa na wa jua zima. Jitu lenye kung'aa, lililosujudiwa, linayumbishwa na kitu ambacho mwabudu wake hakuwahi kukiona.

Ukitaka kuonja hayo kwa macho yako, toka nje baada ya Isha mwezi wa Februari, mahali pasipo na taa nyingi. Shi'ra itakuwa karibu na utosi, kidogo upande wa kusini. Betelgeuse itakuwa upande wa kaskazini wa utosi, yenye wekundu. Jicho litakwambia kuwa Shi'ra ndiyo kubwa. Jicho linakudanganya kwa mara mia kadhaa.

Hapa namkumbuka Imam Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Katika kitabu chake Al-Munqidh, anapoeleza jinsi alivyoanza kutilia shaka hata yale anayoyaona, anatoa mfano wa nyota: jicho linaiona kama dinari, lakini ushahidi wa jiometri unaonyesha kuwa ni kubwa kuliko dunia. Tafakari tarehe hiyo, msomaji wangu. Miaka zaidi ya 900 iliyopita, mwanachuoni wa fiqhi na tasawuf anataja kama jambo linalofahamika kwa kila msomi kwamba zile nukta za usiku zinaizidi dunia kwa ukubwa. Kabla yake, katika karne ya 9, Al-Farghani alikwisha kuandika vipimo: jua mara 166 ya ujazo wa dunia, na nyota kubwa za daraja la kwanza mara 107. Hesabu hizo hazikuwa sahihi. Jua walilipunja mno, na waliamini kuwa ndilo kubwa kuliko nyota zote. Lakini walijua kwamba dunia ni ndogo. Katika elimu yao ya falaki, waliyoirithi kwa Wayunani, dunia ilihesabiwa kama nukta mbele ya mbingu.

Nayasema haya kwa sababu kijana wetu ana kauli nyingine aliyoisoma mahali, kwamba watu wa kale waliamini Mungu anawajali kwa kuwa walidhani dunia ni kubwa na mbingu ni dari, na kwamba darubini imekuja kuwaumbua. Habari hiyo si kweli kwa Al-Farghani, si kweli kwa Al-Ghazali, wala si kweli kwa waliosoma vitabu vyao Baghdad, Kairo na Kordoba. Walisali Alfajiri wakijua kuwa wamesimama juu ya nukta. Kukua kwa nukta za jirani tangu wakati huo, kutoka mara 107 hadi mara mamilioni, kunabadilisha hesabu. Sioni jinsi kunavyobadilisha hoja.

Na kuhusu hoja yenyewe, iko mahali Qur'ani imeigusa waziwazi. Ni kisa cha Nabii Ibrahim (A.S.) katika Surat Al-An'aam. Anaiona nyota, anasema huyu ndiye Mola wangu, inatua, anaiacha. Anauona mwezi, vivyo hivyo. Kisha linachomoza jua, na hapa anaongeza sababu ambayo hakuitaja kwa nyota wala mwezi: anasema hili ni kubwa zaidi. Wengi katika wafasiri wanasema alikuwa akijadiliana na watu wake, akiichukua hoja yao ili aivunje mbele ya macho yao. Ukubwa ulikuwa ndio hoja yao ya nguvu. Naye anaivunjaje? Haleti kitu kikubwa kuliko jua. Hasemi subirini, iko nyota kubwa kuliko hili. Jua linatua, basi. Kinachotua hakiabudiwi, kiwe na upana wa choroko au wa viwanja vitatu. Angeonyeshwa Betelgeuse, nayo hutua juu ya Magomeni, na wenye kuisoma wanasema siku moja itapasuka kabisa na kutawanyika.

Kwa hiyo mzee wetu aliyelia alikuwa na haki ya kulia, lakini asije akadhani kwamba zile nyota zilivyo kubwa ndivyo zilivyo karibu na Mungu. Na kijana asije akadhani kwamba alivyo mdogo ndivyo alivyo mbali naye. Anayehitaji kuchagua kikubwa na kuacha kidogo ni yule ambaye nafasi yake inajaa. Waziri hawezi kuonana na kila mtu, ndiyo maana anaonana na wakubwa. Tukimdhania Mwenyezi Mungu hivyo, basi hatukumtukuza, tumemfanya waziri.

Najua nitaletewa aya. Msomaji makini ataniambia kuwa katika Surat Ghafir tunaambiwa kuumbwa kwa mbingu na ardhi ni jambo kubwa kuliko kuumbwa kwa watu. Ni kweli, na ni pingamizi zuri. Lakini tazama aya hiyo inajibu nini. Wafasiri wengi wanaiweka katika mjadala na wanaokanusha kufufuliwa: aliyeweza lile kubwa atashindwaje na hili? Ukubwa hapo ni ushahidi wa uwezo wa Muumba. Haukutajwa kama bei ya viumbe. Bei imetajwa mahali pengine, katika Surat Al-Israa, kuwa wanadamu wametukuzwa, na hakuna kipimo cha urefu wala upana kilichotajwa pamoja nao. Katika sura hiyo hiyo anayetembea kwa maringo anakumbushwa kuwa hataifikia milima kwa urefu. Huko nakubali moja kwa moja: udogo wetu ni dawa nzuri ya kiburi, na kila mtu ajinyweshe mwenyewe. Ninalolikataa ni kumnywesha mwenzako.

Maana huku mitaani ndiko hoja hii inakofanya kazi yake, bila darubini yoyote. Mwaka jana alifariki mtoto mchanga katika nyumba ya jirani yetu mmoja, mama anayeuza chakula. Alizaliwa kabla ya wakati, ana gramu 900, akaishi siku mbili. Alilia, alipewa jina. Kwenda kuzika tulikuwa wanaume kumi na mmoja. Mtu mmoja aliyepigiwa simu aje alijibu, na aliyekuwa ameshika simu alikuwa kando yangu nikasikia: "Kwani ni mtu mzima? Si kitoto tu, hao waliopo wanatosha." Haikupita hata wiki mbili, akafariki mfanyabiashara mmoja wa eneo letu hilo hilo, Mungu amrehemu, na magari yalifunga barabara kutoka msikitini hadi njia kuu. Kuzikwa na watu wengi si kosa lake marehemu. Nataja tu kwamba aliyesema hao wanatosha nilimwona huko, amevaa kanzu mpya, anaongoza magari.

Fiqhi haina habari na gramu. Mtoto aliyezaliwa akalia kisha akafa anaoshwa, anakafiniwa na anasaliwa, kama anavyosaliwa tajiri, kama alivyosaliwa Al-Ghazali. Zaidi ya hapo, anarithi. Baba yake akiwa amekufa wiki moja kabla hajazaliwa, fungu la mtoto huyo linatolewa kamili katika mali, kisha yeye naye anarithiwa, na mafungu ya ma-ami yanageuka kwa sababu ya pumzi za siku mbili. Nimewahi kuona watu wazima wenye nyumba mbili mbili wakihangaika kuthibitisha kuwa mtoto fulani hakulia.

Na yuko mtoto mwingine wa kukumbukwa hapa. Mtume (S.A.W.) alifiwa na mwanawe Ibrahim, ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili. Siku hiyo jua lilipatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Kwa kiongozi mwingine yeyote hilo lingekuwa jambo la kuliacha lisambae, maana heshima gani inazidi hiyo? Yeye alilikanusha, akawafundisha kuwa jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mungu, hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Na kabla ya hapo, mtoto alipokuwa akikata roho mikononi mwake, alilia, na alipoulizwa juu ya machozi yake akasema ni rehema. Jua la kilomita milioni 1.39 hakulihitaji kumpa mtoto wake thamani.

Kuna jambo moja dogo nimelipeleka kwa imamu wetu. Pale msikitini, akifa mtu mzima, hutangazwa kwa kipaza sauti jina lake, nyumba yake na saa ya mazishi. Akifa mtoto mchanga hutangazwa kuwa kuna maiti ya mtoto, basi, na mara nyingine haitangazwi kabisa. Nimeomba atangazwe kwa jina lake na la baba yake, kama wengine. Imamu hana pingamizi, ila amesema ni lazima lipite kwenye kamati, kwa sababu wako wanaoona kuwa matangazo yatakuwa mengi. Kamati inakaa Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya Alasiri.